Boga la Karatasi Mlangoni kwa Mangi

Jumatano, 24 Oktoba 2007

Nimeteuliwa mkuu wa usalama wa jengo zima. Ghorofa saba, ngazi zote, watoto wote, Wachina kwa Waafrika. Mke wa mwanangu ndiye aliyenibembeleza, chai ikiwa mezani, kwamba hapa Guangzhou nzima hakuna mwingine mwenye macho kama yangu.

Uongo. Nimepewa tochi nikae mkiani. Mama Neema alisema hivi: "Baba, wewe utakuwa wa mwisho kwenye mstari, uangalie asibaki mtoto nyuma." Wa mwisho. Kama mbwa anayefuata mbuzi. Na tochi yenyewe ni ya mjukuu wangu Neema, ya plastiki, rangi ya waridi.

Jambo lenyewe la Wazungu. Halowini. Neema kalileta kutoka shuleni. Tarehe thelathini na moja watoto wanajipaka masizi, wanavaa mashuka, wanagonga milango ya watu kuomba pipi. Usipotoa wanakufanyia vituko. Kwetu Upare tungewaita ombaomba na kuwatimua kwa fimbo. Hapa ni sikukuu. Hata Wachina wa ghorofa ya pili wameshanunua mabawa ya popo.

Mama Neema anasoma afya ya jamii chuo kikuu. Hawezi kumwacha mtoto akaombe pipi hivi hivi kama mtoto. Ametunga kanuni. Vinyago vya kufunika uso hakuna, mtoto haoni ngazi, wapakwe rangi. Mashuka yasiburuze. Mishumaa marufuku, tochi tu. Hakuna kutoka nje ya geti, pikipiki na malori ya vitambaa hayaoni mtoto wala mzee. Aliongea mpaka chai yangu ikapoa.

Nimemwambia Neema kwamba enzi zangu aliyejipaka masizi usoni alikuwa mwizi wa ndizi. Akaniuliza, "Babu, na wewe uliiba?" Nikamwambia mimi nilishika tochi.

Ijumaa, 26 Oktoba

Maboga yametoka. Mama Neema kakata karatasi za rangi ya chungwa, kachora macho na meno. Anayekubali watoto wagonge kwake anabandika boga mlangoni. Mlango usio na boga haugongwi. Hata kama unamjua mwenyewe, hata kama kunanukia keki.

Nyumba nazo zina kanuni. Fungua mlango wa mbao, wa nondo ubaki umefungwa, pipi zipite katikati. Viatu viondolewe kwenye ngazi. Mbwa afungwe. Pipi ziwe za kiwandani, na zisiliwe mpaka yeye azikague chini ya taa.

Nikasema kwetu anayelishwa kupitia nondo ni mfungwa. "Baba, ni usalama." Siku hizi nyumba hii ikisali haimalizi kwa amina, inamaliza kwa usalama.

Amepita milango yote kuuliza nani anataka boga. Stoo ya ghorofa ya tatu hakugonga. Anajua ni stoo ya mume wake, Elia, imejaa mikoba tu.

Mikoba ipo. Na Mangi yupo.

Mangi ni Mchaga wa Moshi. Kabatizwa Felisi, lakini Mchaga mwenye duka huitwa Mangi, na huyu duka lilipokufa jina likabaki. Viza yake iliisha zamani. Miaka ya nyuma watu walipita tu. Sasa wanausafisha mji kwa ajili ya michezo ya mwakani huko Beijing, pasi zinakaguliwa mpaka sokoni, mtu ameshika kitambaa mkononi. Akikamatwa anafungiwa, kisha anarudishwa mikono mitupu. Mtaji wake wote ni hiyo mikoba aliyoinunua kwenye viwanda vya Shiling. Kontena la Elia linapakiwa katikati ya Novemba. Mikoba ikishapanda, Mangi ataenda polisi kwa miguu yake, alipe faini, apande ndege, Krismasi imkute kwake. Wiki chache tu za kutoonekana. Basi.

Elia anajua. Mimi najua. Mama Neema hajui, kwa sababu viza yake ya masomo ndiyo iliyoibeba familia nzima, na akijua atamtoa mtu huyo siku hiyohiyo. Na atakuwa na haki. Sipendi watu wenye haki.

Mangi hafungui mlango ila kwa hodi. Hodi tatu, sauti anayoijua. Polisi hajui hodi. Mlinzi hajui hodi. Mwenye jengo hajui hodi. Kufuli gani la chuma litashinda hilo?

Jumapili, 28 Oktoba

Mchaga kanidhalilisha.

Yeye ndiye kinyozi wangu. Vinyozi wa Kichina wanakishika kichwa changu kama fenesi, hawajui waanzie wapi. Kwa hiyo kila nywele zikizidi nashuka stoo, napiga hodi, nakaa juu ya katoni, Mangi ananyoa na kunitukana. Ndio utani wetu. Mpare na Mchaga ni watani, hakuna kukasirika. Yeye anasema Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushtaki kwa ajili ya kuku. Mimi nasema Mchaga akifa, angusha sarafu karibu na sikio. Asipofumbua jicho, hapo sasa chimba kaburi.

Leo kaninyoa upande wa kulia, akazima mashine.

"Umemaliza?"

"Nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Imezuiliwa bandarini, mzee. Lipa ushuru."

Ushuru anaoutaka ni boga la karatasi. Amewasikia watoto wakifanya mazoezi kwenye ngazi, wakipita mlangoni kwake wakicheka. Ana binti huko Moshi, Anna, rika la Neema. Alimwacha akitambaa. Anataka watoto wagonge na kwake, mara moja tu. Hawatamwona uso. Atapitisha mkono kati ya nondo, si ndiyo kanuni yenyewe?

Nikamwambia ni hatari. Akasema hajawahi kuona Mpare akikimbizwa na boga la karatasi. Halafu akaacha utani. "Nani anatangulia, mzee?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi ndiye mkuu wa usalama."

Sijui kwa nini nilisema. Nilikuwa na nusu ya nywele. Mtu mwenye nusu ya nywele anahitaji cheo.

"Basi ukifika piga hodi. Nikisikia ni wewe, nafungua."

Jumatatu, 29 Oktoba

Nimevaa kofia kutwa. Joto. Kichwa kinawasha upande mmoja.

Elia kaniona bafuni, kacheka mpaka kashika ukuta. Mama Neema hakucheka. Kasema kuna kinyozi pale chini, twende, yeye atalipa. Nikakataa. Neema kasema mwache, Babu ameshavaa vazi lake la Halowini. Mtoto ana akili kuliko chuo kikuu.

Jumanne, 30 Oktoba

Nimeiba boga moja mezani kwa Mama Neema. Yako mengi, hakuhesabu.

Hodi, hodi, hodi. Mangi akafungua huku anatokwa jasho. Anapika kashata. Karanga na sukari kwenye jiko la umeme, katikati ya mikoba, moto ukishika tunaondoka sote. Amezikata vipande, kila kipande amekifunga kwa karatasi laini zile za kujazia mikoba. Anazikunja kama mtu anayefunga dhahabu. Nikamwambia mkwe wangu hapokei vitu vya kupika nyumbani. Akasema, "Atazikagua. Azikague tu. Atakuta nini? Karanga."

Amechonga ndevu. Ametundika shati jeupe lenye kola. Yote hayo kwa ajili ya kutoa mkono.

Nikabandika boga kwa nje, chini kidogo, usawa wa macho ya mtoto.

"Nakudai nusu."

"Nadaiwa. Kesho, wakishapita tu, rudi umalizie kichwa chako."

Jumatano, 31 Oktoba, mchana

Mama Neema ameongeza kanuni. Watoto wataongozwa na mlinzi wa geti, Lao Chen. Amekubali, hataki kitu. Wazazi wa Kichina wamefurahi sana.

Nikauliza, atavaa nguo za nyumbani? "Hapana Baba, sare na kofia. Watoto waonekane wana mtu."

Nilishuka ghorofa ya tatu. Nikasimama mlangoni. Karanga zinanukia. Ndani anaimba pambio, vibaya, kama Wachaga wote. Nikitaka kumwambia habari za mlinzi, lazima nimwambie pia mimi nipo mkiani. Nikaweka kidole kwenye boga nilibandue. Ni gundi kidogo tu.

Nikaliacha.

Tunaanzia chini. Tukiwa ghorofa ya pili nitawapita, nitatangulia, nitapiga hodi. Ngazi kumi na kitu, sijafa bado. Namwachia Mchaga furaha yake.

Alhamisi, 1 Novemba

Naandika. Mkono haupendi.

Tulianza jua likizama, kama kanuni inavyotaka. Lao Chen mbele na kofia yake, pipi za watoto wadogo kaziweka mfukoni awatunzie. Watoto nyuma yake. Mama Neema katikati. Mimi mkiani na tochi ya waridi. Nikavua kofia. Watoto wakaona kichwa wakapiga mayowe ya raha, Wachina na wetu, wakanizunguka kunishika upande wenye nywele, upande usio na nywele. Nitasema ukweli, nilifurahi. Kwa muda ule wa ghorofa ya chini nilikuwa mkuu wa kitu fulani.

Ghorofa ya pili watoto wakachukua pipi kwenye nondo, asante, asante. Nikaanza kupenya nitangulie. Hapo ndipo Benedi akakaa chini. Benedi ni mtoto wa Mama Benedi, Mkongomani wa ghorofa ya sita, ana miaka mitatu. Popo mmoja alimtisha. Akakaa kwenye ngazi, akashika mguu wangu kwa mikono miwili, akalia. Wenzake wakaendelea.

Kanuni ya mtu wa mkiani ni moja. Asibaki mtoto nyuma.

Maisha yangu yote nimezikojolea kanuni. Shule niliacha darasa la nne kwa sababu ya kanuni. Jana nikatii. Nikainama, nikamfuta kamasi, nikamwambia popo ni Li wa ghorofa ya pili, anakojoa kitandani. Akacheka. Nikambeba.

Nikasikia juu kelele za watoto. "Boga! Boga hapa!" Neema alikuwa ameliona. Mama Neema akasema, hiyo ni stoo, nani kabandika? Nikapaza sauti: "Ngojeni!" Nikaita hodi. Nikaita nikiwa chini, na mtoto begani, pumzi hakuna. Hodi gani hiyo? Ilimezwa na makelele.

Lao Chen ni mtu mwema. Aliona watoto wanapiga nondo kwa viganja na hakuna anayefungua. Akawasaidia. Akagonga kwa lile rungu lake la tochi, ngo, ngo, ngo, kama anavyogonga kila siku mtu akiwa amesahau kuzima maji. Akaweka uso karibu na kitobo cha mlango, achungulie kama kuna mtu.

Na ndani Mangi aliweka jicho lake upande wa pili. Aliona kofia ya sare.

Madirisha yote ya jengo hili yana nondo. Hata ghorofa ya saba, sijui anaogopwa nani huko, kunguru? Yote isipokuwa dirisha dogo la jiko la stoo, Elia alilikata nondo ili kushusha mizigo. Tulisikia bati. Banda la baiskeli liko chini yake. Kwanza bati, halafu kitu kizito, halafu kimya, halafu kengele moja ya baiskeli ikalia peke yake.

Watoto wakadhani ni sehemu ya mchezo. Wakapiga makofi.

Nilifika chini nikamkuta Lao Chen ameshafika. Amepiga magoti, kofia kaivua kamuwekea Mangi chini ya kichwa. Anasema "pengyou, pengyou", rafiki, rafiki. Mangi amevaa shati jeupe. Mguu umeelekea upande ambao mguu hauelekei. Mkono wake umefumba kashata.

Aliniona. Akasema, "Mzee, hukupiga hodi."

Mtani wako akipatwa na janga, kazi yako ni moja, mchekeshe. Hata msibani mtani ndiye anayeruhusiwa kulala kwenye jeneza na kudai hongo. Nilitafuta neno. Miaka sabini ya matusi na sikupata hata moja.

Lao Chen ndiye aliyeita gari la wagonjwa. Gari la wagonjwa likaja na polisi nyuma yake. Alifanya jambo la haki. Kila mtu jana alifanya jambo la haki isipokuwa mimi, na mimi nilifanya la haki mara moja tu, la Benedi, na ndilo lililoniponza.

Ijumaa, 2 Novemba

Nahesabu faida. Hakuna mtoto aliyejikwaa. Hakuna aliyeungua. Hakuna aliyevuka barabara. Hakuna nyumba iliyoibiwa, hakuna mbwa aliyeuma, pipi zimekaguliwa chini ya taa na zote ni salama. Wazazi wa Kichina wamemletea Mama Neema machungwa. Wanataka na mwakani.

Elia aliitwa polisi kuhusu stoo. Karudi. Wamemkaripia, wamemwandika, wamemwachia. Hajaongea na mimi.

Mama Neema kaongea. "Mlimficha mtu ghorofa ya chini ya kitanda cha mwanangu, Baba, na mimi nikamletea mlinzi mlangoni. Mmenifanya nimsukume mimi." Kisha akauliza lile swali. "Nani kabandika boga?"

Nikasema mimi.

Akatoa machungwa mezani akayaweka sakafuni, kama yanamdharau.

Jumapili, 4 Novemba

Hospitali. Nimeenda mimi kwa kuwa pasi yangu ni safi, viza ya kutembelea mwana. Elia haruhusiwi na mkewe kukanyaga huko. Lao Chen kanipeleka kwa basi, siku yake ya mapumziko. Ananishika kiwiko kama mimi ndiye mgonjwa. Njia nzima anarudia neno moja la Kichina na kutikisa kichwa. Sikulijua. Nililielewa.

Polisi kakaa mlangoni, kijana, anacheza na simu. Kanisachi kofia.

Mangi amelala, mguu juu, umetundikwa kama nyama buchani. Uso umekuwa wa majivu. Nikasimama. Sikujua nimwambie nini mtu niliyemuua nusu.

Nikatoa sarafu. Nikaiangusha sakafuni karibu na sikio lake.

Jicho moja likafumbuka.

"Bado," akasema. "Msichimbe."

Nikacheka vibaya, kwa pua, mpaka polisi akainua kichwa. Mangi naye akacheka na ikamuuma, akanitukana kwa kunichekesha. Halafu akaomba nivue kofia. Nikavua. Akaniangalia kichwa muda mrefu.

"Mpare. Hujaenda kumalizia?"

"Kuna mtu ananidai ushuru."

Hakucheka. Akageukia ukuta. Akasema daktari kaweka chuma mguuni, na kwamba mguu ukipata nguvu kidogo tu anapelekwa uwanja wa ndege, na hatarudi nchi hii kwa miaka. Miaka saba alikuwa amejijenga humu. Akasema afadhali. Halafu akauliza, "Ulikuwa wapi, mzee? Ulisema unatangulia."

Nilikuwa na Benedi mdomoni, tayari. Mtoto mdogo, anayelia, nani atanilaumu? Ningetoka pale nikiwa mtu mwema.

Nikamwambia, "Sikuwa natangulia. Tangu mwanzo nilipangiwa mkiani. Nilikudanganya."

Polisi akasema muda umekwisha, akaonyesha saa. Nikiwa mlangoni Mangi akasema kwa ukuta, "Mkiani na tochi ya mtoto?"

"Ya waridi."

Sikuona uso wake.

Jumatano, 7 Novemba

Stoo imesafishwa. Mama Neema kasafisha mwenyewe, hakutaka tumsaidie. Mikoba kaipanga upya ipande kontena. Amesema ni mali ya mtu, itafika kwake, hata kama yeye ndiye ataisimamia kwa jicho lake. Boga kalibandua.

Kapanda na bakuli la kashata. Moja kwa kila mtoto wa jengo, zimefungwa, hakuna iliyoguswa isipokuwa ile moja aliyoanguka nayo Mangi. Kaziweka chini ya taa. Kafungua karatasi moja baada ya nyingine. Kazikagua. Kapindua. Kanusa. Nilidhani zinaenda kwenye ndoo ya taka.

Akavunja moja, akala. Akatafuna polepole sana. Halafu akainuka akaenda kumwamsha Neema kwenye kochi, akampa nusu.

Hakunipa. Sikuomba.

Jumanne, 13 Novemba

Neema haendi mlangoni tena. Mtu akigonga anakimbilia chumbani. Jana aliyegonga alikuwa mleta maji. Mama yake amemwambia ni mleta maji. Haikusaidia.

Jioni nilitoka nje, nikasimama kwenye ngazi, nikapiga hodi kwangu mwenyewe. Kimya. Hodi. Kimya. Nikakaa chini pale kwenye ngazi, mzee mzima. Hodi. Kwa muda mrefu. Mwisho nikasikia miguu midogo. "Karibu," akasema, mlango bado umefungwa. Nikasema sawa, kwa leo inatosha.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Bibi yangu alikuwa akinipiga kofi kwanza ndipo anasema methali.

Jumamosi, 24 Novemba

Asubuhi Mangi kapandishwa ndege pale Baiyun. Lao Chen ndiye aliyeniletea habari, kwa ishara: mkono ukapaa, mkono mwingine ukashika gongo. Hatukuruhusiwa kwenda. Kontena limeshaondoka, mikoba yote mizima, hakuna hata zipu iliyong'oka.

Mvua ndogo. Jengo kimya. Elia ameanza kunisalimia. Mama Neema kanikatia chungwa.

Nimejitazama kwenye kioo. Upande wa kulia umeanza kuota. Bado kidogo ulingane na wa kushoto, na watu wataacha kucheka, na kofia haitahitajika. Sitaki ulingane.

Januari narudi Same. Kutoka hapo Moshi si mbali, nauli yake Mpare ataipata bila kuuza ng'ombe. Mangi, sikuombi unisamehe, hilo lina watu wake. Nakudai nusu ya kushoto tu. Nitafika mchana, nitakuja mbele, nitapiga hodi tatu kwa sauti yangu. Ukiweza kuinuka, nifungulie. Usipoweza, mtume Anna.